Kibandiko cha injili hakitoshi

Akinyi mwanangu,

Salamu kutoka Kisumu. Sisi hatujambo, ila mvua imeifanya njia ya kwetu Nyalenda kuwa tope tupu.

Umeniuliza kama aliyeokoka anatenda dhambi akisikiliza gengetone, ule muziki wa vijana wa mitaani, au akitazama filamu mnazotazama na wenzako hapo Nakuru, maana kiongozi wenu wa vijana amewaambia mfute kila kisicho cha injili kwenye simu.

Sikubaliani naye, ingawa ninaelewa anachokiogopa. Neno "injili" halijawahi kuutakasa wimbo. Zipo nyimbo tunazopiga kila Jumapili ambazo ukizisikiliza sawasawa hukuti toba wala msalaba. Ni gari, nyumba, na maadui kuaibika tukipita. Hizo nazo zinafundisha, tena kuliko mahubiri, kwa sababu tunaziimba tukifua nguo. Ukizipokea bila swali kwa kuwa zinataja jina la Yesu, umelinda mlango mmoja na kuacha mwingine wazi.

Soma Matendo 17. Paulo alifika Athene akachukizwa na sanamu zilizojaa mjini. Hakufumba macho. Alizungukazunguka akaziangalia mpaka akaona madhabahu ya Mungu asiyejulikana, na aliposimama Areopago, mbele ya baraza la mji, akawanukulia mshairi wao wenyewe: "Maana sisi sote tu wazao wake." Mshairi huyo, Aratus, alikuwa akimsifu Zeus, mungu mkuu wa Wayunani! Paulo alilichukua lile lililokuwa kweli, kisha akawaambia waziwazi watubu. Watu wengi wa kanisa hukumbuka kuchukizwa tu. Vijana nao hukumbuka mshairi tu.

Kwa hiyo mimi humwuliza mwimbaji: binadamu kwako ni nani? Wimbo unaomfanya msichana kuwa kitu cha kuchezewa, uzime, hata kama mdundo ni mtamu. (Na mdundo ni mtamu, nimeusikia kwenye matatu za Kondele.) Lakini kijana anayeimba kuhusu kukosa kazi na kuhangaishwa na askari, msikilize. Huyo anakuambia jirani yako anaishije, na jirani ni amri.

Baba yako alikuwa akisikiliza benga, muziki wetu wa gitaa, ya mwimbaji Daniel Owino Misiani, na wapo washirika walioona vibaya. Lakini Misiani aliwasema wakubwa kwa mafumbo ya wanyama, na serikali ikamtia ndani. Nabii Nathani naye alimkemea mfalme Daudi kwa hadithi ya mwanakondoo. Sisemi Misiani alikuwa nabii. Nasema wenye mamlaka walimwelewa kuliko sisi wa kanisani.

Filamu sina mengi. Ukimaliza moja, jiulize ilitaka umpende nani, na ilitaka umcheke nani. Zile za uchi usijidanganye kwamba unachambua sanaa.

Sasa huyo rafiki unayekaa naye, uliyesema ameacha pombe juzijuzi na nyimbo za klabu zinamrudisha huko. Akiwa nyumbani, usizipige. Hapo hatuhesabu haki yako. Warumi 14, inayokataza kumkwaza ndugu aliye dhaifu, imeandikwa kwa ajili ya watu kama yeye na wewe.

Na kiongozi wenu usimbishie mbele ya vijana. Mwendee kando, umwombe akutajie wimbo mmoja hasa unaomsumbua, muusikilize pamoja hadi mwisho. Huenda kwa huo mmoja ana haki.

Mama yako