Maswali Yenu: Makosa ya Uwanjani Yanayopaa na Ndege

Ndege yetu ya kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam ilichelewa huku fundi akiizunguka na tochi. Huo si uzembe? (Msomaji, Masasi)

Swali hili hunijia kila mwezi, na ninaomba lisirudi tena. Tarehe 2 Oktoba 1996, mjini Lima, wasafishaji wa Boeing 757 ya Aeroperú walifunika kwa utepe wa gundi vitundu vya ubavuni vinavyopima mgandamizo wa hewa, kisha utepe ukasahauliwa, na waliokagua hawakuuona. Ndege ilipaa usiku, vipimo vya kimo na mwendo vikawadanganya marubani juu ya bahari, na watu wote 70 waliokuwamo wakafa. Mwacheni fundi azunguke, hata mara mbili.

Ni kweli kwamba ndege iliwahi kuishiwa mafuta angani kwa kosa la hesabu? (Msomaji, Newala)

Ni kweli. Ilikuwa Boeing 767 ya Air Canada, Julai 1983. Mafuta yalihesabiwa kwa ratili badala ya kilo, na marubani wakatua Gimli, huko Kanada, bila injini hata moja kufanya kazi.

Mpakia mizigo anaweza kweli kuhatarisha ndege? (Msomaji, Lindi mjini)

Anaweza, hasa akinyamaza. Tarehe 26 Desemba 2005, huko Seattle, gari la mizigo liligonga ndege ya Alaska Airlines, na mhusika hakusema lolote. Ilipofika futi 26,000, bati lililobonyea likapasuka tundu la takriban sentimita 30 kwa 15, hewa ikatoka, na marubani wakalazimika kurudi. Wote walinusurika. Kugonga ni bahati mbaya. Kuficha ni kuwaweka rehani watu wasiojua lolote, nami siwezi kulisamehe.

Mwanangu ameanza kazi ya ufundi wa ndege. Nimuusie nini? (Mzazi, Nachingwea)

Mzazi mwenzangu, mwambie asiamini macho yake pale penye kitabu cha vipimo. Mwaka 1990, fundi wa British Airways alichagua boliti za kioo cha mbele kwa kuzilinganisha na zile kuukuu, na kati ya 90 alizofunga, 84 zilikuwa nyembamba mno. Kesho yake kioo kiling'oka angani, rubani akavutwa nje nusu mwili, na wenzake wakamshikilia mpaka ndege ilipotua, alipona.

Akikosea, aseme ndege ikiwa bado chini. Na kama msimamizi wake ni wa kumfukuza anayekiri, basi atafute mwajiri mwingine mapema, kwa sababu katika karakana ya namna hiyo wenzake nao wanaficha.