Jiko la kuchomea la kubeba: mkaa au gesi?

Dada, kwa mishikaki ya watu wanane ufukweni Kigamboni, chukua la mkaa. Upepo wa bahari huisumbua sana gesi, na mishikaki isiyopigwa moshi haina utamu ule.

Dukani kunjua miguu yake ulitikise; likiyumba, liache. Bonyeza bati kwa kidole gumba: likibonyea, litapinda kwa moto. Hakikisha lina matundu ya hewa chini, la sivyo mtapepea mpaka mchoke.

Mvua ikinyesha, msiliingize kwenye hema wala gari. Mkaa unaowaka hutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua. Mtu akipata kizunguzungu, mpelekeni nje kwenye hewa safi na mumpeleke hospitali haraka. Makaa msiyafukie mchangani, watoto wataungua nyayo. Yazimeni kwa maji mengi.