Majani Yakipukutika, Weka Kopo Chini

Joto la kaskazi likianza na viyoyozi vikaunguruma usiku kucha, simu yangu hujaa picha za sakafu kutoka kwenu mnaojifunza bonsai, ile miti inayofanywa mifupi chunguni. Vigae vyeupe, majani ya fikasi, mti wa jamii ya mkuyu, yametapakaa, pembeni unaonekana mguu wa mwenye mti. Maelezo nayo ni yaleyale: "Shikamoo fundi. Mti ulianza kupukutika Jumatatu. Nimeuongezea maji, nimetia mbolea, nimebadilisha udongo, leo nimeutoa juani. Bado." Bado nini, mdogo wangu? Mgonjwa mmoja umempa tiba nne ndani ya wiki, na hujui hata anaumwa nini.

Nawapenda, ndiyo maana nawasema. Kukata mnajua, kufunga waya mnajua, na wengine mikono yenu ni myepesi kuliko yangu. Kinachowashinda ni kuitia mikono hiyo mfukoni.

1. Jani linaloanguka leo lina habari za juzi na za kabla ya juzi. Fikasi benjamina haisusi palepale ukiihamisha. Huvumilia siku kadhaa, pengine wiki mbili, ndipo inapoanza kumwaga. Kwa hiyo usichunguze ya leo. Jiulize nini kilibadilika kabla: ulitoka lini kitaluni, kiyoyozi kilianza kuwashwa lini, nani alisogeza meza, nani alitundika pazia zito. Mti uliokulia kwenye kitalu cha kando ya Barabara ya Bagamoyo, jua na upepo vyote vyake, umejenga majani ya mwanga ule. Ukiuleta sebuleni jioni hiyohiyo, majani yale hayajilipii tena gharama, nao unayaachia. Yakidondoka ghafla yangali ya kijani, mti mzima, fikiria mshtuko wa mabadiliko au upepo wa kiyoyozi. Yakigeuka njano ya ndani ndani kwanza, fikiria mwanga haba. Yakiwa njano huku udongo haukauki na unanuka, soma namba mbili, tena polepole.

2. Mti uliopukutika haunywi kama ulipokuwa na majani. Maji hupanda kwa sababu majani yanayapumua nje. Majani yakienda, chungu kilichokuwa kikikauka kwa siku mbili sasa kitakaa na maji wiki nzima. Wewe ukiona vitawi vitupu unaingiwa na huruma, unaongeza. Nalijua hilo kwa sababu niliua mti wa watu.

Mzee mmoja wa Upanga alinikabidhi fikasi yake alipokwenda India kwa matibabu. Mti wa miaka mingi, mizizi imelikumbatia jiwe, na barazani kwake haukuwa na matata. Mimi kwa kupenda sifa nikaupeleka mapokezi ya ofisi moja niliyokuwa nikitunza maua yake, wageni wauone. Nikautia pamoja na chungu chake ndani ya chungu cha kauri kisicho na tundu, eti meza isilowe. Juu yake, kiyoyozi.

Majani yakaanza kuanguka. Nikamwagilia. Vichipukizi vikalegea, nikasema una kiu huu, nikazidisha. Nisichokijua ni kwamba dada wa usafi alikuwa akiumwagilia kila asubuhi kwa huruma yake, na mlinzi wa usiku alikuwa akimalizia humo chupa yake ya maji alfajiri. Watu watatu, kila mmoja akidhani bila yeye mti utakufa.

Mizizi iliyozama hukosa hewa, na ikikosa hewa haiwezi kufyonza maji hata ikiwa imekaa ndani yake. Ndiyo maana mti unaozama hulegea sawasawa na mti wenye kiu, na hapo ndipo tunapodanganyika. Nilipokuja kuuinua kutoka kwenye kile chungu cha kauri, harufu ilijaza mapokezi. Mizizi myeusi; ukivuta, ganda linavuka kama soksi, unabaki na uzi. Hata hapo pengine ungepona, kama ningekata iliyooza, nikaurudisha kwenye udongo unaopitisha maji, kivulini, nikaondoka. Hapana. Nikatia samadi ya kuku, nikauanika jua la saa saba. Mzee alipopiga simu kuuliza hali ya mti wake, nilimwambia unapumzika. Alikuwa hospitalini, nami namdanganya.

Siku nilipokwaruza shina kwa kucha nikakuta kahawia tupu, hata tone la utomvu mweupe halikutoka, nilijua. Aliporudi alikuja mwenyewe na bakora yake. Nikamweleza yote, hadi habari ya mlinzi, kana kwamba mlinzi ndiye aliyekabidhiwa. Akalitazama lile shina. Hakunigombeza. Akauliza, "Chungu changu kiko wapi?" Nikampa, akakizungushia gazeti, akaenda zake.

Siku hizi sigusi mti wa ofisini kabla sijauliza nani na nani wanaumwagilia, kuanzia getini.

Kipimo: choma kijiti cha mshikaki hadi chini ya chungu, subiri dakika kumi, kichomoe, kikitoka na unyevu, weka kopo chini, usimwagilie.

3. Mbolea haipewi mti unaopukutika. Usinibishie.

4. Zile video mnazozitazama zimepigwa na watu wenye theluji. Wenzetu wa Uingereza huingiza miti ya kitropiki ndani kwa sababu baridi ya nje itaiua. Wewe wa Sinza umeingiza kwa sababu ya picha. Wanaweka trei za kokoto na maji kwa kuwa hewa yao ya ndani ni kavu. Hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha mpaka umeikausha mwenyewe kwa kiyoyozi. Hakuna mti wa asili ya sebuleni. Kivuli cha baraza kina mwanga kuushinda ule wa dirisha lenye kioo cheusi, na ni bure. Unataka wageni wa Idi wauone? Uingize siku mbili, uutoe. Ni lazima ukae ndani? Basi uzoeshe: jua, kisha kivuli, kisha dirishani, kwa wiki mbili hivi.

5. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua kabla ya kuanguka, kinga maji ya mvua. Masika ikija, toa chungu nje kioshwe. Na yule aliyechanganya udongo wake na mchanga wa ufukweni bila kuuosha anajijua, simtaji.

6. Sisimizi wakipanda shina na majani yananata, geuza jani utazame chini yake: kuna wadudu wameganda kama magamba. Futa kwa kitambaa na maji ya sabuni, rudia kila wiki.

7. Kuna miti inayopukutisha kwa hiari yake. Mbuyu huvua majani ukame ukiingia, adeniamu (waridi la jangwani) nayo hupunguza wakati wa kipupwe. Punguza maji, uiache. Mkwaju ndio unaowatesa wageni. Kijana mmoja wa Tabata alinipigia saa moja usiku, sauti inatetemeka: majani yote ya mkwaju wake yamejikunja kwa pamoja, tayari ameandaa ndoo. Nikamwambia mkwaju hufunga majani giza likiingia, kila siku, tangu dunia iumbwe; umelala huo, na yeye akalale. Asubuhi akaniletea picha, majani yamekunjuka yote, na chini yake swali: "Fundi, sasa nimwagilie?"