Fiba Tabora: piga hesabu kwanza, ndipo uwashe paua mita

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya fiba, yaani intaneti inayosafiri kwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, hapa Tabora, jambo la kwanza mtakaloonyeshwa ni taa ya kijani kwenye modemu ya mteja. Ikiwaka, watu wanakunja ngazi na kuondoka. Mimi nataka mzoee jambo jingine: kabla hujapima, jua namba unayoitarajia. Paua mita, kile kifaa cha kupima nguvu ya mwanga, ikisoma -22 dBm (desibeli ukilinganisha na miliwati moja), hiyo ni nzuri au mbaya? Hakuna anayeweza kujibu mpaka apige hesabu ya njia nzima.

Tumchukue mteja wa Ipuli, kilomita 6 za kebo kutoka kituoni. OLT, mashine ya kituoni inayotuma mwanga, inatoa +3 dBm. Kwenye GPON, mfumo ambao uzi mmoja unagawanywa kwa wateja wengi, mwanga unaokwenda kwa mteja hutumia wimbi la nanomita 1490, na hapo uzi hupoteza kama desibeli 0.25 kwa kilomita, yaani 1.5 kwa safari nzima. Splita ya 1:8, yaani kigawanya mwanga chenye njia nane, inakula kama 10.5. Splita ya 1:4 iliyoko kwenye nguzo, kama 7.2. Konekta, vile vichwa vya kuchomekea uzi, ziko nne kwa 0.3 kila moja, ni 1.2. Maungio matano ya mashine inayoyeyusha na kuunga nyuzi kwa cheche ya umeme, weka 0.3 kwa yote. Jumla 20.7. Ukitoa kwenye 3, mteja anatakiwa kupata -17.7 dBm.

Sasa mita inasema -22. Modemu ya daraja B+ inapokea mwanga hadi -27, kwa hiyo taa itawaka kijani na mteja atawapa maji ya baridi. Lakini desibeli 4.3 zimepotelea njiani, na desibeli 3 peke yake ni nusu ya mwanga. Msipozitafuta leo mtazitafuta masika, usiku, mteja akipiga simu kila dakika. Na msiilaumu splita: hiyo ndiyo inayokula kuliko wote, lakini inakula haki yake, tulishaiweka kwenye hesabu.

Mshukiwa wa kwanza siku zote ni konekta. Kiini cha uzi tunaotumia kina upana wa kama maikromita 9, na vumbi la Tabora wakati wa kiangazi mnalijua. Punje moja ikikaa katikati ya kiini, mwanga umekwisha. Kagua kwa darubini ya konekta, safisha, kagua tena, ndipo uchomeke. Usifute kwa shati, usipulize kwa mdomo. Vile vifuniko vya plastiki navyo msiviamini, kwa sababu konekta mpya kabisa kutoka kwenye pakiti inaweza kuwa imechafuliwa na kifuniko chake.

Halafu rangi. Konekta ya kijani imekatwa mshazari wa digrii 8, ya bluu haina mshazari. Zinaingiliana ukilazimisha, na hapo ndipo balaa: nyuso hazigusani sawasawa, unapoteza desibeli kadhaa na mwanga unarudi ulikotoka. Zile 4.3 za Ipuli zinaweza kuwa zimekaa hapo tu, kwenye pachi kodi (kipande kifupi cha uzi chenye konekta) ya bluu iliyochomekwa kwenye adapta ya kijani. Mwanga unaorudi una kipimo chake, na hapa wageni wengi wanachanganyikiwa. Kwenye upotevu, namba ndogo ndiyo nzuri. Kwenye mrejesho, namba inasema mwanga unaorudi ni dhaifu kwa desibeli ngapi, kwa hiyo kubwa ndiyo nzuri: bluu inatakiwa kufika 50, kijani 60. Desibeli 60 za mrejesho ni habari njema. Desibeli 60 za upotevu ni kebo iliyokatika.

Kwenye kuunga nyuzi, msilewe na ile 0.01 inayotokea kwenye kioo cha mashine. Ni makadirio tu: kamera imeangalia uzi ulivyokaa ikakisia, haijapima mwanga hata kidogo. Kipimo halisi kitatoka kwenye OTDR, kifaa kinachotuma mapigo ya mwanga kwenye uzi na kusoma unaorudi. Na mashine ikitoka Dar es Salaam, fanyeni kalibresheni ya cheche, yaani kurekebisha nguvu yake, kabla ya kugusa kebo ya mteja. Tabora tuko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko pwani, cheche inabadilika nguvu. Mkishuka Kigoma ziwani, karibu mita 775, rudieni tena. Ni kazi ya dakika chache, na bado kuna mafundi wazoefu wanaiona usumbufu.

OTDR nayo ina vituko. Utaona mahali pa kuungia panaonyesha faida badala ya hasara, kama vile mwanga umeongezeka. Haujaongezeka. Umeunga nyuzi mbili za aina tofauti kidogo, na zinarudisha mwanga kwa viwango tofauti. Pima kutoka pande zote mbili, jumlisha, gawa kwa mbili. Upande wa Tabora ukisoma -0.08 na upande wa Urambo 0.20, upotevu wa kweli ni 0.06.

Kuna ujanja mmoja ninaoupenda kuliko yote. Pima mahali palepale kwa wimbi la nanomita 1310, kisha kwa 1550. Maungio mabaya hupoteza karibu sawa kwenye mawimbi yote mawili. Ukikuta 0.1 kwenye 1310 na 0.8 kwenye 1550, acha kufungua maungio, tafuta mahali uzi ulipopindwa: kebo iliyokazwa kwa waya kwenye nguzo, au iliyolaliwa na tawi la mwembe. Uzi wa kawaida wa G.652 hautaki mkunjo wenye nusu kipenyo chini ya milimita 30. Wa G.657.A2 unavumilia hadi 7.5, ndiyo maana tunautumia ndani ya nyumba.

Watakaopelekwa njia kuu ya Tabora hadi Kigoma watakutana na hesabu nyingine. Ni zaidi ya kilomita 400, na hata kwa 0.2 kwa kilomita unapoteza desibeli 80 na zaidi, kwa hiyo kuna vituo vya kukuza mwanga njiani. Vikuza hivyo vinakuza mwanga na kuongeza kelele zake, hivyo huko usiulize nguvu tu, uliza na uwiano wa mwanga na kelele. Mtawanyiko, yaani mapigo ya mwanga kutanuka njiani, nao unaanza kuuma, kama pikosekunde 17 kwa nanomita kwa kilomita kwenye 1550. Na moduli (kile kipande kinachotuma na kupokea mwanga) ya kilomita 80 msiijaribu mezani kwa pachi kodi fupi bila kipunguza mwanga, itaunguza kipokezi cha upande wa pili. Jicho pia: mwanga huu hauonekani, kwa hiyo usichungulie kwenye konekta kuangalia kama kuna kitu kinatoka.