Siku tatu za Luxor: tupange vipi?

SWALI: Mhariri, Januari ijayo mimi na mume wangu tutakwenda Kairo kumtembelea kijana wetu anayesoma Chuo Kikuu cha Al-Azhar, nasi tumetenga siku tatu za kwenda Luxor kuona mahekalu na makaburi ya Wamisri wa kale. Jamaa wanatushauri tuunganishe na Abu Simbel. Mume wangu anasumbuliwa na goti. Tupange vipi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, Abu Simbel iwekeni kwa safari nyingine. Mahekalu yale mawili, ambayo miaka ya 1964 hadi 1968 yalikatwa vipande na kupandishwa juu yasimezwe na ziwa la bwawa la Aswan, yako kusini kabisa karibu na mpaka wa Sudan, na yangewala siku nzima njiani.

Siku ya kwanza nendeni hekalu la Karnak alasiri, jua likishapoa, mkatembee kati ya nguzo 134 za ukumbi wake mkuu. Ardhi ni tambarare.

Siku ya pili vukeni Nile alfajiri kuelekea Bonde la Wafalme. Tiketi ya kawaida huruhusu makaburi matatu. La Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, na la Seti wa Kwanza hulipiwa mbali. La Seti lina ngazi nyingi, basi mzee aingie la Ramses wa Nne, ambalo njia yake huteremka taratibu.

Siku ya tatu nawasihi msiikose. Wageni wengi huipita Deir el-Medina bila kushuka garini, nami husikitika, kwani hapo ndipo walipoishi mafundi waliochimba na kupamba makaburi ya bondeni. Misingi ya nyumba zao ingalipo, nyembamba, zimebanana pande mbili za njia. Fundi Sennedjem ana kaburi lake hapo: chumba kidogo chenye dari la kupinda, na ukutani, katika nguo nyeupe, yeye analima shamba la ahera kwa jembe la ng'ombe, mkewe Iyneferti nyuma yake akimwaga mbegu. Mlango ni wa kuinama na ngazi ni za kubana. Mzee akishindwa, wewe litazame vizuri ukamsimulie.

Ni mafundi wa kijiji hicho ambao, katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses wa Tatu, walipocheleweshewa posho ya nafaka, waliacha kazi wakaenda kuketi nyuma ya mahekalu, na kisa chao kikaandikwa kwenye mafunjo yaliyopo hadi leo. Mkitoka hapo, malizieni Medinet Habu, hekalu la mfalme huyohuyo, si mbali kwa teksi. Maandishi yake yamechimbwa kwa kina cha kumeza vidole, na darini mna rangi ambazo hazijafutika. Mzee ataweza kulizunguka polepole kwa mkongojo, akipumzika kwenye vivuli vya nguzo.