Maswali na majibu: liguse kabla halijawashwa

Mbukwenyi. Msimu wa kuulizana matrekta umefika, na simu yangu imejaa picha za boneti nyekundu zinazong'aa. Nimechagua maswali machache. Walioniuliza "trekta zuri ni shilingi ngapi" nimewaruka, maana hilo si swali.

Shikamoo fundi. Nimepata Massey Ferguson 290 lenye loda (mikono ya mbele yenye kijiko cha kupakilia), limepigwa rangi upya na linawaka ukigusa tu ufunguo. Muuzaji anataka jibu Ijumaa. Nichukue? (Kibaigwa)

Marahaba. Uliigusa injini kabla haijawashwa? Najua hukuigusa. Ulifika saa saba mchana, trekta limeshazungushwa uani, likawaka mara moja, ukaanza kuhesabu ekari. Injini ya dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa na moto. Ugonjwa wake unauona asubuhi.

Rudi saa kumi na mbili na nusu, na usipige simu kwamba unakuja. Weka kiganja ubavuni mwa bloku. Ukikuta joto, kuna mtu amekutangulia, na ana sababu. Ikiwa ya baridi, washa mwenyewe. Moshi mweupe wa dakika moja mbili si neno, hasa kwa baridi ya Julai. Moshi wa bluu usiokwisha ni oili inaungua, na hapo mjadala ni wa ringi za pistoni na silivu, yaani bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka. Mweusi linapolemewa ni nozeli, pampu ya dizeli au hewa haitoshi. Kisha, injini ikinguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mwembamba usikutishe. Ikipuliza kama birika la mama ntilie, pistoni zinavujisha na unanunua kazi ya kufungua injini.

Halafu kuna jambo ambalo wanunuzi wa huku hawaliangalii kabisa: vumbi. Legeza bomba la hewa kati ya filta na injini, upitishe kidole ndani. Kikitoka chekundu, injini hiyo imekuwa ikila udongo, na udongo wetu ni msasa. Kongwa wanalijua hili tangu 1947, Waingereza walipokuja na mradi wa karanga. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, wakakusanya mitambo iliyotumika jeshini, mingine kutoka Ufilipino, na mingi ilifika imeshachakaa. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Ardhi ikakauka ikawa kama saruji, majembe yakalika, na 1951 mradi ukaachwa. Hiyo ni serikali nzima, yenye wahandisi wake, iliyonunua kwa haraka. Wewe na Ijumaa yako, mwambie muuzaji asubiri.

Massey au Ford, lipi bora?

Lile ambalo fundi wa mtaani kwako ameshalifungua mara kumi na spea zake zipo mjini. Nilijibu hivi mwaka jana pia.

Mita ya saa za kazi za injini inasoma 2,900 tu na trekta ni la miaka ya themanini. Si limetumika kidogo? (Mpwapwa)

Mita imekufa, au imebadilishwa. Tazama pedali ya klachi: mpira umeisha na chuma kinang'aa? Tazama tundu la kuvutia tela: bado la duara au limekuwa yai? Tikisa mikono ya kunyanyulia jembe. Vyuma hivyo havina mita ya kudanganyia.

Nataka trekta lenye loda nipakie mchanga kwenye maeneo ya ujenzi, kazi zipo nyingi. Injini nimeikagua na fundi, iko safi. Kwenye loda niangalie nini? (Nala)

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu loda ndiyo inayoua trekta, na haianzi na injini.

Anza na ardhi iliyo sawa. Shusha kijiko taratibu na uone kama pembe zote mbili zinagusa chini pamoja. Moja ikitangulia, mikono imepinda: mtu aling'oa visiki na kona moja ya kijiko. Pitisha ukucha kwenye zile fimbo zinazong'aa za jeki za kunyanyulia loda. Ukucha ukikwama kwenye kutu au mkwaruzo, kila sili mpya (mpira wa kuzuia oili isivuje) utakayoweka itakatwa hapohapo. Jaza kijiko, kinyanyue hadi usawa wa kifua, zima injini, weka alama ya chaki, ukanywe chai. Ukirudi kimeshuka kidogo, ni uzee. Kimeshuka shubiri nzima, jeki zinapitisha oili ndani au valvu imelika. Wakati huo wote asisimame mtu chini yake, hata yule dalali.

Sasa itumie loda hiyohiyo kukagua mbele. Kandamiza kijiko chini hadi magurudumu ya mbele yanyanyuke, weka gogo imara chini ya ekseli, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, ni beringi au kingipini, ile pini ambayo gurudumu hukatia kona juu yake. Tikisa na ekseli yenyewe pale inapojishika katikati. Mbele ya trekta la kulimia haikuumbwa kubeba mchanga, na miaka kumi ya loda inaonekana hapo kuliko popote.

Mwisho nenda kiunoni, pale injini inapoungana na gia boksi. Mimi pale ndipo nilipochomwa. Trekta langu la kwanza lenye loda nililinunua jioni, rangi ikiwa bado inanuka. Wiki ya tatu, korongoni, nikaona oili inadondoka kiunoni. Nilipokwangua rangi kwa bisibisi nikakuta pati, kama ya fundi wa bodi za magari, na chini yake ufa ulioshonwa kwa kuchomelea. Chuma cha kumimina, kimechomelewa! Fremu ya loda ilikuwa imefungwa mbele tu bila kuegemezwa kwenye ekseli ya nyuma, kwa hiyo kila mzigo ulikuwa unavunja trekta kama mtu anavunja muwa gotini. Kwa hiyo nenda na bisibisi na kitambaa chenye mafuta ya taa, usafishe maungio yote. Muuzaji akikukataza, umeshapata jibu.

Na klachi. Kazi ya loda ni mbele, nyuma, mbele, nyuma, kutwa. Kanyaga breki, weka gia kubwa, achia klachi taratibu. Injini izimike. Ikiendelea kunguruma, klachi imeisha, na kuibadilisha ni kulitenganisha trekta vipande viwili, baada ya kuifungua loda.

Hukuuliza, lakini nakwambia: loda bila uzito nyuma ni hatari. Jaza maji matairi ya nyuma au funga pipa la zege kwenye mikono ya nyuma, na utembee kijiko kikiwa chini. Matairi yakiwa na maji tayari, angalia rimu kuzunguka valvu, kutu huanzia hapo. Na vijana wanaopanda ndani ya kijiko kwenda kwenye kazi nimeshawaona barabarani. Washushe.

Massey 135 yangu mpya (kwangu) inanyanyua loda polepole, na nikikanyaga klachi hadi mwisho loda inasimama. Nimeuziwa bovu? (Chamwino)

Hapana, ndivyo lilivyoumbwa. Pampu yake ya haidroliki iko ndani, nyuma, inazungushwa na shafti ileile ya PTO (inayotoa nguvu nyuma kuendesha mashine), na klachi ikikatwa yote nayo inasimama. Kama klachi yako ni ya hatua mbili, ishia nusu. Ukitaka kasi, funga pampu ya nje inayozungushwa na injini. Ila angalia oili ya gia boksi, maana ndiyo hiyohiyo inayonyanyua. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imeingia maji.

Mimi ni mama mwenye ekari tatu za zabibu. Nataka trekta lenye loda kwa ajili ya samadi. (Hombolo)

Mama, heshima yako, lakini loda huihitaji. Samadi ya ekari tatu ni kazi ya siku chache kwa mwaka. Kodi trekta lenye tela na uwalipe vijana wanne wenye makoleo. Loda itakaa juani miezi kumi na moja, hozi zipasuke, na mitaro ya zabibu haitaki uzito ule karibu yake.

Muuzaji anasema kadi iko kwa kaka yake Morogoro.

Basi na hela yako iende ikae kwa kaka yako, mpaka kadi ije na namba za chesisi na injini zilingane, na mwenye jina lililo kwenye kadi asaini uhamisho TRA.

Fundi, ukija Kizota utanisaidia kukagua moja? Nitakulipa.

Nitakuja. Ila muuzaji asijue ni saa ngapi.