Vifaa vya khati: jifunze kuchonga kabla ya kununua

Maswali ya safari hii ni ya wanaoanza khati ya Kiarabu, yaani sanaa ya kuandika herufi zake kwa uzuri.

Seti ipi ya kalamu ni nzuri kwa anayeanza?
Hakuna. Nunua tete kavu (bua la kuchongea kalamu), wino mweusi, kidau cha kutilia wino na karatasi nyororo, basi. Swali hili linaletwa kila mara na watu ambao hawajaandika hata alif moja, herufi ya kwanza.

Nina kalamu ya dukani yenye ncha bapa. Mbona alif zangu hazifanani na za mwalimu?
Ncha yake imekatwa mraba kwa ajili ya herufi za Kilatini. Khati inataka ncha ya mshazari. Usipokuwa nayo utapinda kifundo cha mkono mpaka kiumie, na herufi bado zitakataa. Ukikosa tete, tafuta kalamu za ncha bapa zinazouzwa kwa wanaoandika kwa shoto. Mshazari wake humfaa anayeandika Kiarabu kwa mkono wa kulia.

Tete linachongwaje?
Hili ndilo swali lenye maana, maana asiyejua kuchonga huitupa kalamu siku ncha inapochoka. Chagua tete lenye unene wa kidole kidogo na urefu wa sentimita 20 hivi, lililokauka kabisa. Bichi husinyaa baadaye na mpasuko ukaachama. Lichonge upande mmoja kwa mteremko wa sentimita 3, ukwangue nyama laini ya ndani, kisha upunguze mbavu mpaka ncha ibaki milimita 3. Nyembamba zaidi ya hapo inakufichia makosa yako. Pasua katikati kwa sentimita 1. Mwisho laza ncha juu ya kitu kigumu, ukate mshazari kwa pigo moja. Ukikata kwa kusugua-sugua, ukingo unabaki na nyuzi, na kila mstari utatoka na manyoya. Kisu kiwe kikali. Kisu butu ndicho kinachokata vidole.

Wino unadondoka matone.
Unachovya kwenye wino mtupu. Tia lika kidauni, yaani nyuzi za hariri, umimine wino mpaka zilowe bila kuelea, kisha gusisha ncha tu. Soksi nyepesi ya nailoni nayo inafaa. Pamba usitumie, nyuzi zake hunasa kwenye mpasuko. Na wino usiolowa maji ukikauka usitiwe kamwe kwenye kalamu ya kujaza wino ndani: utaiziba.

Wino wa dhahabu je?
Bado.

Karatasi ya fotokopi inatosha?
Kwa penseli, ndiyo. Kwa tete wino unatambaa, na nukta, ile alama ya pembe nne inayopigwa kwa ncha ya kalamu, inapoteza pembe zake. Nukta ndiyo kipimo chako: alif ya thuluthi, mmoja wa mitindo ya khati, hupimwa kwa nukta 7, na nukta iliyovimba inaharibu hesabu nzima. Nenda kiwanda cha uchapaji, uombe vipande vinavyobaki vya karatasi ya kalenda, gramu 115 hadi 150 kwa mita ya mraba. Karatasi ya picha usichukue, wino hukusanyika matone juu yake. Kabla ya kuandika futa karatasi yako kwa kitambaa kikavu, na chini ya mkono weka kipande kingine: mafuta ya ngozi yakigusa karatasi, wino haushiki hapo.